Kijana ameitwa JKT, dhamiri inamkataza kushika silaha: je, sheria yetu inampa njia nyingine ya kulitumikia taifa?

#1 Nyamvumi (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Naishi hapa Dodoma mjini. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na kazi zangu nyingi ni mirathi na kesi za viwanja. Mambo ya jeshi hayajawahi kufika mezani kwangu, ila safari hii yameingilia mlango wa nyumbani. Dada yangu ana kitindamimba aliyemaliza kidato cha sita. Majina ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, yalipotoka, la kwake lilikuwemo. Dada akachukua daftari, tukaanza kuorodhesha vya kwenda kununua soko la Majengo: bukta ya bluu yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, kimya. Tulipofika kwenye soksi akasema, "Mama mdogo, msinunue. Mimi siwezi kushika bunduki."

Ni Shahidi wa Yehova. Alianza kusoma nao akiwa kidato cha pili na akabatizwa peke yake. Sisi wengine wote ni Waanglikana wa Mvumi tangu enzi za babu. Baba yake, shemeji yangu, alipigana Kagera. Alivuka Mto Kagera akiwa kijana wa miaka 20, na wenzake wengine hawakurudi. Sasa fikirieni sebule ya watu hao wawili jioni ile.

Naomba mnielewe kwenye jambo moja, kwa sababu najua litakuja: mtoto huyu si mvivu na hakatai nchi yake. Nimemwona akichota maji kwa baiskeli tangu darasa la nne. Aliyoyasema mbele ya baba yake ni haya: "Nipeni jembe. Nipeni ufagio wa wodi. Mkisema miaka miwili, nitakaa miaka miwili. Silaha ndiyo siwezi."

Tukaenda kwenye ofisi moja kuuliza, mimi na yeye. Siitaji, maana aliyetupokea alikuwa mstaarabu na hakuna alichotukosea yeye kama yeye. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akafungua droo, akatoa fomu, akaiangalia, akairudisha. Akasema, "Mama, kwa mgonjwa tuna cha kujaza. Kwa hili lenu sina karatasi."

Ile droo ndiyo iliyonileta humu.

Nchi yetu inajua kutofautisha miili. Kila mwaka tangazo la JKT linasema vijana wenye ulemavu wa kuonekana waripoti Ruvu, Mlandizi, kwa sababu kambi ile ina miundombinu ya kuwahudumia. Ni jambo zuri, na serikali inastahili pongezi. Maana yake ni kwamba tulishakubali kuwa wajibu ni mmoja ila njia za kuutimiza zinaweza kuwa zaidi ya moja. Basi kwa nini tofauti ya mwili iwe na kambi, na tofauti ya dhamiri isiwe hata na karatasi?

Ninachouliza si msamaha. Nauliza kama kuna nafasi kisheria ya kile ambacho nchi nyingine wanakiita utumishi mbadala wa kiraia: kijana aitwe kama wenzake, atumike muda ule ule, ale maharage yale yale, lakini kazi yake iwe hospitalini, shambani au kwenye miti, nje ya mafunzo ya silaha. Wanasheria, maafande wastaafu, waliopita kambini, karibuni.

#2 KurutaWa87

Dada, nimekusoma mpaka mwisho na sikudharau. Lakini wacha nikwambie kama mtu niliyepita huko kwa mujibu na baadaye nikafundisha kwata miaka kadhaa.

JKT si vita. Lilianzishwa Julai 1963 ili vijana wa makabila yote walale bweni moja, wale sufuria moja, walime shamba moja. Mimi Mnyaturu wa Singida nilijifunza kuogelea kwa Mkerewe na kusuka mkeka kwa Mmakonde. Ile bunduki mnayoiogopa unaigusa siku chache katika mafunzo yote. Siku zilizobaki ni mchakamchaka, jembe, kuni, jiko na usafi. Mtoto akikosa kambi anakosa nchi.

La pili. Mnakumbuka 1966? Serikali ilipotangaza kwamba wasomi nao lazima waende JKT miaka miwili, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, akawarudisha vijijini kwao, na siku hiyo hiyo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi tuliolelewa na hadithi hiyo, tukisikia mtu "hawezi JKT" tunasikia msomi anayeringa. Sisemi mtoto wako ni hivyo. Nasema ndivyo atakavyosikika.

La tatu ndilo kubwa: mkifungua mlango huo, kila asiyetaka kuamka saa kumi alfajiri atakuja na Biblia mkononi.

#3 Chenja2019

Shikamoo mzee Kuruta. Nilikuwa kambini mwaka wa jina langu hapo juu. Siku za silaha ni chache kweli, lakini kwa mtu ambaye dhambi yake iko hapo, siku moja inatosha. Ni kama kumwambia Mwislamu nguruwe ni kipande kimoja tu kwenye sufuria nzima.

Tulikuwa na mwenzetu Msabato kwenye kombania yetu. Jumamosi ilikuwa shida mwanzoni. Afande mmoja akawa anampangia jiko Jumapili nzima ili Jumamosi apumzike, na hakuna aliyelalamika kwa sababu jiko la Jumapili ni zito kuliko doria. Ila afande huyo alipohamishwa, mpangilio ukafa siku ile ile. Mwenzetu akarudi kwenye adhabu.

Kwa hiyo mama Nyamvumi, maafande wenye busara wapo. Shida ni kwamba wanahamishwa.

#4 Nyamvumi

Mwanangu Chenja, hiyo sentensi yako ya mwisho nitaiandika kwenye daftari langu. Ndiyo tofauti ya hisani na haki. Hisani inapanda gari na aliyeitoa.

#5 WakiliWaNkuhungu

Mleta mada, naomba nikupe picha ya kisheria kama ilivyo, bila kukutia moyo wa bure wala kukukatisha tamaa.

Katiba yetu ya 1977 haina neno linalomtaja mtu anayekataa silaha kwa dhamiri. Usianze na hoja ya kazi ya shuruti, utaanguka mapema. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, lakini ibara ndogo ya tatu inaorodhesha yasiyohesabiwa kuwa kazi ya shuruti, na humo umo ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria. Walioandika walikuwa na JKT akilini kabisa. Ibara ya 28 nayo inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru, ardhi na umoja wa taifa, na kulipa Bunge uwezo wa kutunga sheria za wananchi kutumikia majeshini.

Mlango wako ni Ibara ya 19, uhuru wa mawazo, imani na dini. Na hapo hatuanzi patupu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa na kusimamishwa shule mkoani Mbeya kwa kutoimba wimbo wa taifa. Watoto wale hawakuutukana wimbo. Walisimama kwa heshima, wakanyamaza. Kesi ile haihusu silaha, na wakili wa serikali atalisema hilo asubuhi tu. Lakini inaonyesha kwamba mahakama yetu ya juu kabisa iko tayari kukubali kuwa mtu anaweza kuwa raia mwema na bado dhamiri yake ikamzuia kufanya tendo moja la kizalendo ambalo wengine wote wanalifanya.

Upande wa pili utaleta Ibara ya 30: haki haitumiki kuharibu ulinzi na maslahi ya umma. Hapo ndipo utumishi mbadala unapokuwa hoja ya nguvu kuliko msamaha. Ukiomba msamaha, unaonekana unapunguza ulinzi. Ukiomba utumishi mwingine, taifa halipotezi kitu, linapata mikono kwingine.

Nje ya Katiba kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliingia mwaka 1976. Ibara ya 18 inalinda dhamiri. Na ibara ya 8, ile ya kazi ya shuruti, inasema utumishi wa taifa unaotakiwa kisheria kwa wanaokataa silaha kwa dhamiri si kazi ya shuruti katika nchi zinazowatambua. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikaandika kwamba haki hiyo inatokana na ibara ya 18 yenyewe, kwa sababu wajibu wa kuua unaweza kugongana vikali na dhamiri ya mtu.

Angalizo la utaratibu. Shauri la haki za msingi linafunguliwa Mahakama Kuu chini ya sheria ya kudai haki za msingi, Sura ya 3 ya sheria zetu. Tangu marekebisho ya 2020, anayefungua lazima aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Si wewe mama mdogo, ni kijana mwenyewe. Je, yuko tayari jina lake lisomwe mahakamani? Muulizeni kabla ya lingine lolote.

#6 MtotoWaKongwa

Naheshimu dini ya kila mtu, lakini kuna jambo humu linaniuma.

Nimezaliwa Kongwa. Hapa kuanzia 1964 walipiga kambi wapigania uhuru, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Wapo waliofia hapa na makaburi yao tunayo. Bibi yangu aliwauzia mtama. Nchi hii ililisha na kuhifadhi watu waliobeba silaha, na kwa silaha hizo Msumbiji ikawa huru na Namibia ikawa huru. Leo kijana wa Dodoma, mkoa ule ule, anasema bunduki inamchafua roho. Basi wale wote walichafuka? Na shemeji yako aliyekwenda Kagera? Alikosea kutulinda?

#7 Nyamvumi

Kaka yangu wa Kongwa, swali lako ni zito na nimelala nalo usiku mmoja kabla ya kukujibu.

Hapana, hawakukosea. Mimi mwenyewe sina imani ya mtoto huyu. Nikiona picha za Kagera nalia kwa shukrani. Lakini nikakumbuka kitu kuhusu vita hiyo hiyo ya Kusini unayoisema.

Vijana wa ANC wakiendelea na mapambano yao, upande wa pili kulikuwa na vijana wa kizungu wa Afrika Kusini wanaoitwa jeshini kwa lazima, miaka miwili na mazoezi ya kurudiarudia baadaye, wapelekwe Namibia na Angola na kwenye vitongoji vya weusi kuwapiga ndugu za hao waliokuwa Kongwa. Baadhi wakakataa. Mwaka 1983 serikali ya makaburu ikatunga sheria: kuwe na bodi ya kusikiliza wanaokataa, lakini wa dini peke yake, na utumishi wao mbadala uwe mara moja na nusu ya muda wa jeshi, ikafika miaka sita. Aliyesema "sina dini lakini siwezi kulinda ubaguzi" hakuwa na bodi, alikuwa na jela. Mwaka ule ule wapinzani wa jeshi hilo wakaanzisha kampeni ya kukomesha kuandikishwa kwa lazima; ikapigwa marufuku 1988. Mwaka uliofuata, 1989, vijana 771 wakatangaza hadharani kwa pamoja kwamba hawaendi.

Je, hao 771 hawakuwa upande wa makaburi yako ya Kongwa? Mmoja alibeba silaha, mwingine akaikataa, na jeshi lililodhoofika ni lile lile. Sisemi hali ya mtoto wangu inafanana na ya kwao. Jeshi letu si la kikaburu na JKT halimtumi mtu kupiga vitongoji. Nasema kukataa silaha peke yake hakumfanyi mtu kuwa adui wa ukombozi wala wa nchi.

Na sheria ile ya 1983 inafundisha jinsi ya kutoandika sheria ya namna hii. Bodi ilipima dini badala ya dhamiri, na muda ukafanywa adhabu.

#8 AreaC_Kijana

Mama, kwani lazima mfike huko kote? Mimi jina langu lilitoka, sikwenda, nikasubiri kimya, nikaingia chuo. Hakuna aliyeniuliza. Mwambie dogo atulie nyumbani, mambo yatapita.

#9 Nyamvumi

Mwanangu, nakushukuru kwa kutaka kutupunguzia mzigo. Dada yangu alisema hivyo hivyo siku ya kwanza.

Nilipomwambia mtoto, alijibu, "Mama mdogo, nikijificha nitakuwa nimekubali kwamba nina kosa." Sikuwa na jibu. Aliyejificha anabaki na hofu ya siku cheti kitakapoulizwa kwenye ajira au usaili. Anaishi kama mdaiwa. Yeye anataka aingie kwa mlango wa mbele, aseme jina lake, apewe kazi, aimalize, aondoke na karatasi kama wenzake. Na tujiulize ni nani anayeweza kukwepa kwa amani. Ni mwenye ada ya chuo tayari na mjomba mjini. Wa Chipanga au Mpwayungu barua ikimfika kwa mtendaji wa kijiji, anajificha wapi?

#10 KurutaWa87

Nimewasikia. Swali langu la tatu halijajibiwa. Mtajuaje mkweli na mwongo?

#11 WakiliWaNkuhungu

Mzee, swali hilo lina zaidi ya miaka 100. Uingereza ilipoanza kuandikisha kwa lazima mwaka 1916, sheria yenyewe iliweka kifungu cha dhamiri na mabaraza ya kusikiliza waombaji. Mabaraza yale yalijaa watu wa mtaa ambao wengi walishaamua kabla ya kusikia, na mjumbe wa jeshi alikaa humo kupinga maombi. Walikuwepo waliokubaliwa kufanya kazi nyingine, waliopelekwa vikosi visivyobeba silaha, na maelfu waliofungwa. Ilionekana mapema kwamba kuupima moyo wa mtu kwa maswali ya dakika kumi ni kazi ngumu kuliko kupima malaria.

Ujerumani wakaja na njia nyingine. Katiba yao ya 1949, baada ya yale waliyoyafanya vitani, inasema hakuna mtu atakayelazimishwa kinyume cha dhamiri yake kufanya utumishi wa vita kwa silaha. Utumishi wa kiraia ukaanza 1961. Mwanzoni walikuwa na usaili wa dhamiri, maswali ya mtego: "Mwizi akimvamia mama yako utafanya nini?" Kuanzia miaka ya 1980 wengi wakaruhusiwa kuomba kwa maandishi tu. Na Katiba yao inakataza utumishi mbadala uzidi ule wa jeshi kwa urefu. Kipimo kikawa kazi yenyewe: anayekubali kuwaogesha wazee na kubeba wagonjwa kwa mwaka mzima na zaidi, huna haja ya kumuuliza sana kama ni mvivu. Walipositisha kuandikisha mwaka 2011, waliolalamika sana walikuwa hospitali na nyumba za wazee, kwa kuwa walikuwa wanapoteza vijana wao.

#12 KurutaWa87

Hapo kwenye kuogesha wazee umenigusa. Mama yangu mzazi aliuguzwa miezi minane kabla ya kufariki. Najua ile kazi. Kuna askari niliowafundisha ambao wasingeimaliza wiki.

Endelea.

#13 WakiliWaNkuhungu

Makosa mawili ya kuepuka, yote kutoka kesi za kweli.

Armenia ilikuwa na sheria ya utumishi mbadala, lakini jeshi ndilo lililousimamia, na muda ulikuwa miezi 42 wakati askari anatumikia 24. Mashahidi wa Yehova wanne wakakataa na hicho kinachoitwa mbadala, wakafungwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema haki yao imevunjwa: utumishi ulio chini ya mkono wa jeshi na unaofanana na adhabu si wa kiraia. Kabla ya hapo, 2011, Mahakama hiyo hiyo katika kesi ya Bayatyan, pia dhidi ya Armenia, ilikuwa imekubali kwa mara ya kwanza kwamba kukataa silaha kwa dhamiri kunalindwa na uhuru wa dini na mawazo.

Korea Kusini ni ya pili. Kwa miongo mingi walifunga vijana hawa zaidi ya 18,000, karibu wote Mashahidi, wengi mwaka mmoja na nusu kila mmoja. Juni 2018 Mahakama yao ya Katiba ikasema sheria ya jeshi isiyo na njia mbadala inapingana na Katiba. Tazameni busara yake: haikufuta kuandikishwa jeshini, iliamuru Bunge liongeze njia. Korea iko kwenye mpaka wa hatari kuliko sisi, na bado imeweza. Ila njia waliyoiweka ni miezi 36 ya kukaa na kufanya kazi magerezani, wakati askari wa nchi kavu anatumikia 18. Kwangu mimi hapo hawajafika. Wamewatoa mahabusu wakawapeleka gerezani kwa mlango wa wafanyakazi.

#14 MtotoWaKongwa

Sasa mnataka kwetu iandikweje? Semeni kwa maneno ya hapa tuone.

#15 Nyamvumi

Nitajaribu, kama mtu wa kawaida.

Kwanza, iwe ndani ya Sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa yenyewe. Waraka unaweza kufutwa kwa waraka. Kifungu kiseme kwamba anayeitwa kwa mujibu wa sheria, ambaye imani au dhamiri yake inamkataza kushika silaha, anaweza kuomba utumishi mbadala wa kiraia kabla ya siku ya kuripoti, na ombi likiwa bado linasikilizwa asihesabiwe mtoro. Hilo la utoro ni dogo kwa maandishi, ila ndilo linalomnyima dada yangu usingizi.

Anayesikiliza asiwe afande peke yake. Wawe watu watatu au watano, mwanasheria mmoja, mtu wa ustawi wa jamii, na JKT wenyewe wawe na mjumbe wao kwa sababu wana haki ya kusema. Aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi na aende mahakamani akitaka.

Muda uwe ule ule wa wenzake. Ugumu uwe ule ule. Mzee Kuruta, hapa niko na wewe kabisa: asilale kwa mama yake. Akae bweni, aamke alfajiri, achanganyike na vijana wa mikoa mingine, maana ulichosema kuhusu Mkerewe na Mmakonde ni kweli, na sitaki mtoto wangu akose nchi. Kazi hapa kwetu zipo tele. Hospitali ya Mvumi wagonjwa wa macho wanatoka mbali na wengine hawana wa kuwashika mkono. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, wagonjwa wanaogopwa na ndugu zao wenyewe. Miti ya Dodoma inapandwa kwa sherehe mwezi wa kwanza na kufa kwa kiu mwezi wa saba kwa sababu hakuna wa kuimwagilia. Mtoto mmoja na ndoo mbili, miti mia. Msimamizi awe halmashauri au hospitali, isiwe kambi.

Na cheti kiwe na uzito ule ule kwenye ajira. Bila hilo tumeandika adhabu.

Kuna jambo sijalimaliza kichwani na nawaachia wenye akili zaidi: yule asiye na dini. AreaC ulinitumia ujumbe wa faragha, na kwa ruhusa yako nasema kwamba hukwenda si kwa uvivu, ni kwa sababu ya ulichokiona utotoni. Nadhani sheria lazima ikuone na wewe. Makaburu walipima dini peke yake. Sisi tusifanye hivyo.

#16 MgogoWaBahi

Nimesoma kimya toka mwanzo. Mimi ni mzee wa miaka 81. Nitasema moja tu.

Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi Vita ya Kwanza. Wajerumani walichukua watu wetu, ng'ombe wetu na mtama wetu, Waingereza wakaja wakachukua waliobaki. Baadaye ikaja njaa tunayoiita Mtunya. Babu alirudi akakuta nyumba mbili zimekwisha. Aliwaambia wanawe kwamba kilichomuuma kuliko mzigo ni kuwa hakuna aliyemuuliza jina.

Huyo kijana waliomsikiliza ofisini, walimuuliza jina. Ni mwanzo. Pelekeni barua.

#17 Chenja2019

Mzee, shikamoo. Nimeshindwa kuendelea na kazi hapa ofisini.

#18 KurutaWa87

Dada Nyamvumi, ukiandika barua, usianze na Umoja wa Mataifa. Atakayeisoma ni afande, na afande akiona maneno ya Geneva anafunga moyo. Anza na jembe. Mtoto aseme mwanzoni kabisa kwamba yuko tayari kuripoti siku ile ile na kufanya kazi yoyote isiyo ya silaha. Halafu dini. Sheria iwe mwisho, kwa ufupi, na nakala ziende panapohusika. Iandikwe kwa mkono wake, si ya kuchapa. Mkitaka, nitaipitia kabla haijatumwa. Bado sijakubaliana na yote. Lakini kijana anayeomba kazi hawezi kurudishwa kwa sababu droo haina fomu.

#19 Nyamvumi

Mrejesho, wakuu.

Wakili, tulimuuliza kama ulivyosema. Alifikiria siku mbili. Akasema mahakamani atakwenda ikibidi, ila anataka kwanza aombe kama mtoto anavyoomba kwa mzazi, maana hajanyimwa bado.

Barua imeandikwa jana usiku, kurasa mbili, mwandiko wake. Imeanza na jembe, mzee Kuruta, kama ulivyoelekeza. Alipomaliza aliiweka mezani mbele ya baba yake akatoka nje. Shemeji alivaa miwani akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Alifika mahali mtoto alipoandika kwamba anawaheshimu waliokufa Kagera, na kwamba anajua amelelewa na mmoja wa waliorudi. Akakaa hapo muda mrefu. Mimi na dada hatukupumua.

Kisha akachukua kalamu. Mtoto alikuwa ameandika tarehe ya kuripoti kwa kukosea siku moja. Akairekebisha, akaandika jina lake chini kama mzazi, akauliza kama bahasha ya kaki ipo.

Jumatatu saa mbili tunaipeleka, watatu. Nitawaletea jibu lolote litakalotoka.